Siku Nilipomlilia Mtani Wangu Akiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kwenda kuuliza kama marehemu amekufa kweli. Nilikuwa msichana wa Rasbura, nimemaliza kidato cha nne, najua kupiga chapa kwa vidole vyote, na nilidhani kazi ya Ofisi ya Habari ya Mkoa pale Lindi ni kukaa kivulini na kunakili hotuba za wakubwa. Asubuhi hiyo akaingia mtu na karatasi ya tangazo la kifo cha kaka yake, akiomba litumwe likasomwe redioni. Ninyi mnaosoma leo hamjui matangazo ya vifo yalikuwa na uzito gani. Watu walinyamazishana, tonge likabaki mkononi, wakisubiri lile fungu la mwisho: habari ziwafikie fulani wa Nachingwea, fulani wa Liwale, na ndugu na jamaa popote walipo.

Afisa Habari wa Mkoa, bosi wangu wa kwanza, alilisoma lile tangazo, akalikunja, akanipa.

"Nenda nyumbani kwa marehemu ukahakikishe."

"Nihakikishe nini, mzee? Ndugu yake mwenyewe ndiye aliyeleta."

"Huyo ni mmoja. Kamtafute wa pili. Na huyo wa pili asiwe anakula chungu kimoja na huyu."

Nilikwenda. Kwa ujinga wangu, badala ya kumtafuta jirani au imamu wa mtaa, nikamfuata mjane mwenyewe na kumuuliza kama ni kweli. Alinitukana kwa Kimwera, matusi ambayo hata bibi yangu asingeyataja. Nikarudi ofisini nalia, nimeshaamua kwamba kesho siji.

"Umetukanwa?" akauliza Afisa Habari. "Vizuri. Mfiwa akikutukana kwa kuwa umemuuliza, kesho mtasalimiana. Lakini akikulaani kwa kuwa umetangaza kifo ambacho hakipo, utakwenda kumwomba nani msamaha?"

Alinipa sheria ya pili siku hiyo hiyo. Jina la marehemu halitoki ofisini kabla ndugu zake wa karibu hawajaambiwa na mtu mwenye miguu. Alimaanisha mtu wa kuwafuata nyumbani. Kwetu habari ya kifo haitupwi kama gunia. Mjumbe anafika, anasalimia, anakaribishwa mkekani, anaomba maji, anauliza mashamba, na mwenye nyumba naye anaanza kuelewa taratibu huku akijibu habari za mihogo. Mpaka neno lenyewe linasemwa, moyo umeshapata mahali pa kushika. Hata simu zilipoenea tuliendelea hivyo. Ulimwambia mtu aje nyumbani, hukumwambia kwa nini. Nilizishika sheria zile mbili kwa sababu nilikuwa mwoga, na sioni haya kusema kwamba uoga ndio ulionifanya mwandishi mzuri.

Kutoka Lindi nilihamishiwa Nachingwea, chini ya Afisa Habari wa Wilaya aliyekuwa na ugonjwa wa kuandika habari kabla tukio halijatokea. Mkuu akipangiwa kuja kufungua kisima, habari ilikuwa tayari imechapwa tangu jana yake, na wananchi ndani yake wameshashangilia. Mara moja mgeni hakuja kabisa, na mimi ndiye niliyekimbizwa posta kuizuia ile bahasha isiondoke. Nilimwambia bosi kwamba siku moja atatuaibisha. Akacheka, akasema nina roho ya kuku. Niliposikia ninahamishiwa Kilwa Masoko nilishukuru.

Pale Kilwa ndipo nilipokutana na Bakari Mtila. Alikuwa opareta wa simu posta, yule mtu anayekaa mbele ya ubao wenye matundu na kuchomeka nyaya ili wewe uongee na Dar es Salaam. Habari za haraka hatukuzituma kwa bahasha, tulizisoma kwa simu. Mimi nasoma huku, mwandishi wa zamu anaandika kule, na kila jina gumu unalitaja herufi moja moja: M kama Mtwara, K kama Kigoma. Laini ikikoroma, Mtila alikuwa akiingilia kati na kurudia maneno yangu kwa sauti yake ya tarumbeta. Hivyo kila habari ya wilaya, mafuriko, wizi, kifo, ilipita sikioni mwake kabla ya taifa zima kuisikia, na hakuwahi kuitoa nje hata kwa mke wake.

Mtila alikuwa Mngindo na mimi ni Mmwera, makabila yanayotaniana tangu enzi za mababu, basi tulikuwa watani. Siku ya kwanza nilipojitambulisha dirishani, alisema, "Mmwera? Kaeni mbali na hizi nyaya, mtazila." Nikamjibu kwamba Wangindo wamepewa simu kwa sababu hawawezi kuaminiwa kuchunga mbuzi. Tukaendelea hivyo miaka yote. Mke wake alipofariki ni mimi na Wamwera wenzangu tuliokwenda kufanya vituko vyetu msibani, tukadai kwamba marehemu alikufa kwa kuchoshwa na sura ya mumewe, mpaka Mtila akacheka huku machozi yanamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anakuchekesha pale ambapo hakuna mwingine anayethubutu. Mtila alibaki na mtoto mmoja tu, Somoe, ambaye aliniita shangazi na kukaa kwangu nusu ya siku zake.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Serikali ikapunguza wafanyakazi, na jina langu likawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wakati huo huo, huko Dar es Salaam, magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka kila kukicha, nikachukuliwa na mojawapo kuwa mwakilishi wake Kilwa. Mwakilishi ni mwandishi asiye na mshahara. Unalipwa kwa urefu wa habari iliyochapishwa, wanaipima kwa rula. Bosi wangu mpya alikuwa Mhariri wa Habari za Mikoani, kijana msomi mwenye haraka, ambaye miaka ya mwanzo alinisikiliza. Nikimwambia, "Hii bado, nimepata mtu mmoja tu," alikuwa akisema, "Haya mama, tusubiri." Gazeti lilikuwa linatoka mara moja kwa siku, na kusubiri kuliwezekana.

Kompyuta zikafika Masoko. Bwana Seifu, aliyekuwa na duka la kudurufu karatasi karibu na soko, aliunganisha mashine zake na waya wa simu, akafungua huduma ya intaneti. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, hapiti mtu bila salamu. Ndiye aliyenifungulia anwani ya barua pepe na kunifundisha kutuma habari bila kuzisoma herufi moja moja. Nilimpenda. Baadaye akanunua kamera ndogo ya dijiti, akaanzisha blogu yake ya habari za Kilwa. Hakulipwa na mtu. Alisema watu wa Kilwa walioko mbali wana kiu ya kwao, naye anawapelekea maji.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, na mwanzoni ilikuwa hofu ya ugali wangu. Mhariri alianza kunipigia simu asubuhi.

"Bi Zaituni, kuna nyumba imeungua Kivinje. Mbona hujatuletea?"

"Nakwenda huko sasa hivi. Wanasema kuna mtu ndani, sijajua ni nani."

"Blogu ya huko kwenu imeshaweka na jina lake. Tangu jana."

"Nani kalithibitisha?"

"Mama, watu wameshasoma. Sasa mimi nithibitishe ili iweje?"

Jina lile lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Bwana Seifu alikuwa akipatia. Mara nyingi sana alikuwa akipatia, na kila alipopatia sheria zangu mbili zilionekana uvivu wa bibi kizee. Nilianza kuamka na kwenda kwanza dukani kwake kutazama ameweka nini, kabla sijaenda kituo cha polisi wala hospitali. Nilijua kwamba siku moja atakosea. Niliomba Mungu tu kosa hilo lisiwe la kifo.

Mtila alipostaafu, Wamwera tuliamua kumzika.

Msishangae. Kwa mtani, mtu anayeacha kazi amekufa kazini, na maiti haiachwi hivi hivi. Alikuwa amewaalika watu nyumbani kwake kula pilau baada ya swala ya alasiri. Tulivamia kabla sahani hazijapita. Tukamkamata, tukamlaza mkekani, tukamfunika shuka jeupe gubigubi, na tukatangaza kwamba pilau haliliwi mpaka Wangindo watoe ubani. Mimi nikaangukia miguuni pake, nikalia. Nasema nililia hasa, machozi ya kweli, kwa maana kipaji hicho ninacho. "Mtila umetuacha na nani! Nani atatuunganisha na Dar es Salaam!" Nikamsikia chini ya shuka anajizuia kucheka, tumbo linamruka. Wanawake wakapokea kilio. Aliyepita barabarani asingeweza kujua tofauti.

Bwana Seifu alipita barabarani. Alikuwa anatoka kufunga mashine ya mtu, ana kamera yake begani. Kabla hajapiga picha aliuliza, na hilo lazima niliseme kwa haki yake. Alimuuliza mtu aliyesimama mlangoni, fundi baiskeli, Mmwera mwenzangu, ambaye naye alikuwa katikati ya shughuli yetu.

"Nani kafariki?"

"Mzee Mtila wa posta," fundi akajibu, uso mkavu. "Tangu asubuhi. Tunawasubiri watu wa Kivinje tumzike."

Seifu akavua kofia, akasema inna lillahi, akapiga picha moja kwa heshima kutokea mlangoni, akaenda zake kuwahi mashine zake kabla umeme haujakatika. Hakutaka kuwasumbua wafiwa. Sisi tulimaliza kilio, tukamfufua Mtila, tukala pilau.

Jioni hiyo mvua kubwa ilinyesha, mnara wa simu za mkononi ukazimika na nyaya za posta nazo zikakatika. Kilwa Masoko nzima ikawa haipatikani, nasi tukalala vizuri. Kesho yake mchana basi kutoka Dar es Salaam lilileta magazeti, na muda si mrefu nikasikia vilio vinatoka upande wa barabara kubwa. Wanawake waliokodi gari kutoka Kivinje walikuwa wanashuka mbele ya nyumba ya Mtila, kanga vichwani, wanalia. Mtila alikuwa uani ananoa jembe. Alitoka kuwatazama. Mama mmoja alianguka, wengine wakakimbilia barabarani, na mmoja aliyebaki akawa anasoma aya kwa sauti akimnyooshea kidole.

Gazeti lilikuwa mkononi mwa mmojawao. Lilikuwa gazeti langu. Kichwa cha habari kilisema mzee wa simu Kilwa afariki dunia, na chini yake kulikuwa na ile picha ya shuka jeupe, mimi nimeinama nimefumba macho, uso wote machozi. Maelezo ya picha yalinitaja kwa jina, kwamba mwandishi mkongwe naye alishindwa kujizuia.

Mtila alianza kucheka. Alicheka akamsogelea yule mama anayesoma aya, akataka kumshika mkono amwonyeshe kwamba ana joto. Halafu nikamwona anasimama, mdomo wazi.

"Zaituni," akaniambia. Miaka yote hakuwahi kuniita jina langu, aliniita Mmwera. "Somoe anasoma hili gazeti."

Somoe alikuwa karani katika ofisi moja Dar es Salaam, ameolewa, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu daktari alimkataza hata kuinua ndoo. Tulipiga simu, mnara bado. Tulipokaa tukitazama ile simu iliyokufa ndipo nilipoelewa kwamba Somoe naye tangu jana alikuwa anapiga, na kila akiambiwa namba ya baba yake haipatikani alizidi kuamini. Ya kwangu nayo haipatikani. Sasa angefikiri nini, zaidi ya kwamba shangazi yuko msibani?

Mnara ulipowaka, simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mkwe wa Mtila, kutoka Mwanza alikokwenda kikazi.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mimi Mtila."

Simu ikakatika. Ikaita tena. Safari hii niliipokea mimi, nikamweleza yote. Alisema jana jioni karani mmoja wa ofisini kwa Somoe alimwita Somoe aje aone kwenye kompyuta, na kwamba mabasi ya Kusini huondoka alfajiri, Somoe hakutaka kungoja kuche. Amepanda lori la saruji, ameacha ujumbe mmoja tu: nakwenda kumzika baba.

Ambaye hakuijua barabara ile enzi hizo hawezi kuelewa hofu yetu. Daraja la Rufiji lilikuwa limeshajengwa, lakini ukishavuka kulikuwa na kipande cha udongo kuelekea Somanga ambacho mvua ikinyesha kilimeza magari. Simu huko hazikushika. Malori yalilala humo, abiria wakapika humo, na nilishawahi mimi mwenyewe kuandika habari za waliokufa humo, majina yao nimeyatuma baada ya kuhakikisha kwa watu wawili.

Alfajiri tulikwenda Nangurukuru, pale njia panda ambapo barabara ya Kilwa inachepuka. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai. Kila gari lililofika kutoka kaskazini tulilifuata na kuuliza. Dereva mmoja alisema malori mengi yamekwama. Mwingine alisema liko moja limelala ubavu, hajui ni la saruji au la soda. Watu waliokuwa wamesikia walikuja kumtazama yule mzee aliyekufa, wengine wakitania, naye akawa anatazama barabara tu. Kuna wakati aliniuliza kama nadhani Mungu anaweza kuchukua utani kwa kweli. Nilimwambia anyamaze, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nafikiri jambo hilo hilo.

Na mimi nilikuwa na hofu nyingine. Akifika salama, tutamwambiaje? Kumwambia mtu kwamba amefiwa, tuna utaratibu wake. Kumwambia mtu kwamba hakufiwa, hatukuwahi kuwa na utaratibu. Nilimwambia Mtila ajifiche nyuma ya kibanda, nitangulie mimi, nimkalishe, nimpe maji.

Lori lilifika mchana, tope mpaka madirishani. Utingo alimshusha Somoe kama mgonjwa. Miguu imevimba, kanga imeloa, tumbo liko chini. Aliponiona tu akaanza kulia, kwa maana uso aliouona kwenye picha ulikuwa huu huu. Nikamwambia, "Somoe, yuko hai. Mwanangu, nisikilize, baba yako yuko hai." Hakunisikia. Nilikuwa nasema ukweli kwa sauti kubwa, mikono yangu mabegani mwake, na haukuingia.

Mtila akashindwa, akatoka nyuma ya kibanda. "Somoe, mama. Mimi hapa."

Somoe alimtazama. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye tope, akashika tumbo, akasema taratibu, "Shangazi, maji yametoka."

Tulimkimbiza hospitali ya wilaya, Kivinje. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya hospitali nikisubiri habari ya mtu mwingine, mkononi kalamu. Siku ile sikuwa na kalamu. Mtila alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alipotoka nesi nilimsogelea, nikashindwa kumuuliza. Mimi, niliyeuliza watu maisha yangu yote.

"Ni mtoto wa kike," akasema. "Mdogo sana. Tusubiri."

Tulisubiri wiki baada ya wiki, mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake apate joto, na kila nilipoingia wodini nilitazama kwanza kama anahema. Alihema. Leo anasoma shule, mkorofi kama babu yake.

Bwana Seifu alikuja hospitali siku ya pili. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Niliuliza, mama. Wallahi niliuliza mtu mlangoni."

"Ulimuuliza mtani."

"Nilikuona wewe unalia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ningekuwa nimemwona mwingine ningeuliza tena. Nilikuona wewe."

Kwake nilikuwa na huruma, na ile habari alishaiondoa, akaomba radhi kwa maandishi makubwa. Niliyekuwa na hasira naye ni Mhariri wa Habari za Mikoani. Nilimpigia nikiwa pale pale barazani.

"Mlichapisha kifo kutoka Kilwa bila kuniuliza mimi mwakilishi wenu?"

"Simu yako ilikuwa haipatikani, Bi Zaituni. Na ulikuwemo kwenye picha. Tuthibitishe nini tena?"

"Mngesubiri."

"Wenzetu wasingesubiri," akasema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. "Mama, hakuna anayesubiri siku hizi. Tutaweka masahihisho kesho, ukurasa wa ndani."

Nilistaafu kabla mwaka haujaisha. Hakukuwa na sherehe, na niliwakataza Wangindo wasithubutu kunizika. Mhariri aliniambia nafasi yangu haitajazwa, kwa kuwa habari za Kilwa sasa wanazipata bure. Nilimwambia sawa. Nilirudi kwenye bustani yangu ya mchicha, nikawa nasikiliza redio.

Vijana wananiuliza nadhani nini kuhusu wao, hawa wenye simu zinazopiga picha, kila mtu mwandishi. Wanataka niwalaani au niwasifu. Ukweli ni kwamba wameleta mambo ambayo sisi tusingeyaleta. Mtu wa kijijini Pande akionewa leo, anaonekana leo, hangoji mimi nipate nauli. Zamani wangapi walionewa nikiwa natafuta mtu wa pili? Hilo nalijua. Lakini ninaogopa, na kustaafu hakukuiondoa hofu. Siogopi uongo, uongo tuliukuta. Ninaogopa siku ambayo ukweli utakuja nyumbani kwa mtu, umevaa nguo zile zile za uongo, na mwenye nyumba asiweze kuvitofautisha. Niliiona siku hiyo, na ndiyo maana nimeandika haya.

Miaka ilivyopita ile hadithi iligeuka kichekesho cha familia. Ilibidi igeuke, wangeibeba vipi vinginevyo? Mtila alijiita maiti mstaafu. Somoe naye alikuwa akinipigia simu kutoka Dar es Salaam kila Ijumaa, na baada ya shikamoo swali lake lilikuwa moja: "Maiti amekula?" Nami nilikuwa namjibu amekula na anadai tena. Tulicheka, na kila tulipocheka ile barabara ya tope ilisogea mbali kidogo.

Mtila alifariki asubuhi moja, amekaa kitini, baada ya chai. Mimi mwenyewe nilishika mkono wake, nikamwita imamu, naye akaushika. Tulikuwa wawili, na hatukuwa tunakula chungu kimoja. Nikaanza kupanga kama nilivyofundishwa. Mkwe alikuwa safarini tena, basi nilitaka nimtafute ndugu wa kule kule Dar es Salaam amfuate Somoe nyumbani, aketi, aombe maji.

"Hodi."

Alikuwa Bwana Seifu, kofia mkononi. "Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza."

"Ni kweli," nikamwambia. "Nenda kamuulize na imamu."

"Nimeshamuuliza. Mimi sitaweka kitu mpaka uniambie." Akanionyesha simu yake. "Lakini wengine wameshaweka."

Ilikuwa picha ya mlango wa nyumba ya Mtila, watu wamejaa. Chini yake jina lake, na alama za kulia zimepangwa mstari. Sikujua nani kaipiga. Inawezekana hata yeye hakujua kama anaandika habari. Nilitazama ile picha nikaona kwamba mtu mwenye miguu hatawahi. Somoe alikuwa kazini, mbele ya kompyuta, kama siku ile.

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ya Afisa Habari wa Mkoa. Nilipiga simu.

"Shikamoo shangazi! Leo si Ijumaa, kuna nini? Maiti amekula?"

"Somoe, mwanangu. Kaa chini. Baba yako amefariki."

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha baba yake, cha tarumbeta, mpaka nikasikia wenzake ofisini wanamuuliza kuna nini.

"Nimeiona hiyo picha sasa hivi, shangazi. Safari hii mmejitahidi, hata watu mmewajaza mlangoni."

"Somoe, nakuapia. Nimemshika mwenyewe."

"Na machozi yako nayajua," akasema, bado anacheka. "Haya, mpe simu niongee naye."